Mwaura wa Chai

Jumatatu, 3 Machi

Siku sita zimebaki. Sita! Jumapili ni mkutano mkuu wa Chama cha Wazungusha Kalamu, katika saluni ya dada yangu Shiru, Kenyatta Market, na mimi bado sina mtindo hata mmoja wa kuzungusha kalamu vidoleni kwenye Daftari la Majina. Tuko wanachama wanne. Watatu wana mitindo. Katibu wetu, Caren, anapoita majina mwanzoni mwa kikao, kila mtu huitwa kwa mtindo aliouvumbua. Prachi wa Ngazi Saba. Chetan wa Mzunguko wa Nyayo. Yeye mwenyewe, Caren wa Pindua Chapati. Kisha anafika kwangu, anakohoa kidogo, anasema Mwaura wa Chai. Kwa sababu asiye na mtindo ndiye humimina chai na kuosha vikombe. Miezi kumi na minne nimemimina.

Halafu kuna kifungu cha nane cha katiba. Mwanachama atakayefika mkutano mkuu bila mtindo atakuwa mtunza vyombo wa kudumu. Wa kudumu! Nilikipigia kura ya ndiyo mimi mwenyewe, nikidhani kinamhusu Chetan.

Shida si majina. Majina ninayo arobaini na moja, yako nyuma ya shajara hii. Radi ya Ngong Road. Tetemeko la Jamhuri. Mwaura wa Kwanza. Mwaura wa Pili. Kilichobaki ni mitindo yenyewe tu.

Leo nilijaribu Radi ya Ngong Road kazini. (Mimi ni karani wa mawakili, mjini, ghorofa ya sita.) Kalamu inaruka kutoka kidole gumba, inapita juu ya bega, inadakwa mgongoni kwa mkono wa kushoto. Iliruka vizuri. Ikapita bega vizuri. Ikadakwa na chai ya Wakili Wangeci. Akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia nilikuwa nampa kalamu. Alinishukuru, akaomba niipanguse.

Jumanne, 4 Machi

Gundi! Kwa nini sikufikiria mapema? Tone moja kwenye kidole cha kati, kalamu haiwezi kuanguka kamwe.

Haikuanguka. Haikutoka pia. Nilishinda nayo kidoleni kutoka saa tatu asubuhi. Kwenye lifti baba mmoja akaniomba kalamu ajaze fomu yake. Nikamwambia haiwezekani. Akaniangalia mimi, akaiangalia kalamu, akasikitika. Ikabidi nimjazie fomu yote mwenyewe, hadi jina la kijiji cha mama yake. Tulikosa kushuka mara mbili.

Nilipotoka kazini Shiru alininasua kwa mafuta ya nywele. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa akisukwa akalia kwamba kichwa kinavutwa. Aliniuliza kama kuosha vikombe vinne ni kazi ngumu hivyo. Si vikombe, Shiru! Nataka siku moja jina langu lisomwe na mtu asikohoe.

Jumatano, 5 Machi

NIMEPATA! Ngoja nieleze kwa utaratibu.

Nilitumwa Lavington kupeleka barua kwa Mzee Amirali, mteja wetu. Mlinzi wa langoni anaitwa Wachira, mtu wa makamo, sweta ya kijani, mpole. Alikuwa amepakata kitabu cha wageni na anazungusha kalamu. Nikasimama pale pale. Kalamu ilizunguka kidole gumba, ikateleza ukingoni mwa mkono, ikaanguka, na roho yangu ikaanguka nayo. Kisha ikarudi juu yenyewe! Ikazunguka kifundo cha mkono mara mbili, ikatua katikati ya vidole. Na Wachira hata hakuwa akiitazama. Alikuwa akibishana na mtunza bustani kuhusu mpira wa maji.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, mtindo huo unaitwaje.

"Hii? Haina jina, boss. Ni ya kupitisha time tu. Jaza hapo, uweke na namba ya ID."

Haina jina! Kitu kisicho na jina kina mwenyewe kweli? Mimi nina majina arobaini na moja yanakaa bure. Nilijaza kitabu. Kalamu ilikuwa imefungwa kwenye kitabu kwa uzi wa nailoni, kama kalamu za malango yote ya huko, wageni wasiondoke nayo. Uzi wenyewe ulinisumbua nikiandika. Sababu ya kuja: kikazi.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi kabla ya kazi. Kuanguka, kalamu inaanguka. Kurudi, hairudi. Mara tisini! Jirani wa chini akapanda kuniuliza kama nimeanza kufuga kuku, maana anasikia kitu kinadonoa dari lake. Nikamwambia ni sayansi. Akasema katika ploti hii hata sayansi inahitaji ruhusa ya landilodi.

Nikarudi Lavington. Ofisini nilisema kuna sahihi imesahaulika. Wachira akanionyesha tena, mara tatu, bila hata kuniuliza ni ya nini. Nilikodolea macho kidole kidogo. Siri iko kwenye kidole kidogo, nina hakika. Sababu ya kuja: kikazi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi, Lavington. Wachira akafanya polepole kabisa, akaniambia, "Vuta kidogo hivi, itarudi." Vuta nini? Sikuuliza. Mtaalamu hawezi kuuliza maswali ya kitoto. Sababu ya kuja: kikazi.

Ofisini Wakili Wangeci alisema Mzee Amirali amepiga simu kuuliza kwa nini karani wetu anakuja langoni kila siku na haingii ndani. Nikamwambia hiyo ni heshima kwa mteja.

Saa tisa, Lavington tena. Safari hii niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kitabu. Na nikaona. Ni UZI! Kalamu inaanguka, uzi unakazika, anavuta kidogo, inarudi! Siku tatu nimeandika kando yake, nimeusogeza kwa mkono wangu mwenyewe, na macho yangu yako kwenye kidole kidogo.

Nilijaza mstari wa mwisho wa kitabu kwa furaha kubwa. Wachira akasema nimekimaliza, kesho itabidi ateremke mjini kununua kingine. Nikamtakia safari njema.

Jumamosi, 8 Machi

Uzi mweusi wa kushonea nywele, kutoka droo ya Shiru. Shati jeusi. Ncha moja kwenye kalamu, nyingine kwenye kifungo cha mkono wa shati. Hauonekani! Nilianza asubuhi, kufika saa sita nimepata mara kumi mfululizo. Nilipiga yowe. Jirani wa chini akagonga dari.

Jina nimeamua: Mwaura wa Kwanza. Nimeandika hotuba fupi ya shukrani, kurasa tatu. Nimempigia Chetan simu nikamwambia aanze kujifunza sabuni ya vyombo inawekwa wapi. Shiru anauliza nani amechukua uzi wake. Sijui chochote.

Jumapili, 9 Machi

Kanuni ni hii. Mtindo ufanywe mara tatu mbele ya mashahidi watatu. Kisha mvumbuzi aseme ulizaliwa wapi, autaje jina, na Caren auandike kwa wino usiofutika.

Mara ya kwanza: Chetan akasimama. Chetan, ambaye hainuki kwa ajili ya mtu yeyote! Mara ya pili: Caren akasahau chapati mdomoni. Nilikuwa naruka moyoni. Mara ya tatu nikaongeza madoido, nikanyoosha mkono, na uzi ukanasa kwenye rasta mpya za Caren. Kalamu ikabaki ikining'inia sikioni mwake kama hereni.

Prachi, mwenyekiti wetu, mwenye duka la vifaa vya ofisi Biashara Street, akaunasua uzi, akaupima kwa vidole, akavaa miwani na kufungua katiba. Nikajua nimekwisha. Akasoma yote. Akasema hakuna kifungu kinachokataza uzi. HAKUNA! Akaniomba niseme mtindo ulizaliwa wapi.

Nikasema mtaa wa Jamhuri, chumbani mwangu, baada ya mwaka mzima wa jasho. Nilitoa hata chozi, na lilikuwa chozi la kweli.

Prachi akasema ni ajabu sana, maana jana kuna mtu aliingia dukani kwake kununua kitabu cha wageni, akazungusha kalamu yenye uzi palepale kaunta, ikaanguka na kurudi yenyewe, naye akamwalika leo. Mlango ukabishwa. Wachira! Suti ya kanisani, na kitabu cha zamani kwapani, kwa sababu kalamu yake bado imefungwa humo.

"Aaah, boss wa kikazi! Kumbe na wewe uko hapa?"

Prachi akauliza kama tunafahamiana. Wachira akajibu kwamba sana tu, akafungua ukurasa wa mwisho kwa fahari. Mistari minne. Mwaura, Jamhuri, kikazi. Mwaura, Jamhuri, kikazi. Hakukasirika hata kidogo. Aliwaambia mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, anayefika hata mara mbili kwa siku. Chetan alicheka mpaka akakaa chini. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, hasa kwa vile mtu huyu hakuwahi kuninyima chochote.

Akafanya mtindo mara tatu, huku akimsalimia Shiru. Wakamwomba autaje jina. Akafikiri, akakiangalia kitabu, akasema: Mgeni wa Mara Nne. Makofi! Caren akaandika. Kisha nikamimina chai, vikombe sita sasa pamoja na cha Shiru na cha Wachira. Wachira akanishukuru, akaomba sukari kidogo tu. Mwishoni Caren akasoma orodha upya, Mwaura wa Chai, wa Kudumu, na safari hii hakukohoa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Nimejifunza mengi. Kwanza, huyo mgeni wa mara nne ni nani? Ni mimi! Kwa hiyo nimo ndani ya Daftari, kwa wino usiofutika, na Chetan hawezi kufanya lolote. Nimemwandikia Prachi barua ya kufafanua jambo hilo. Pili, uzi ni mambo ya jana.

Saa sita nilitumwa benki. Pale kaunta kalamu yao imefungwa kwa mnyororo mwembamba wa shanga za chuma. Keshia, dada anayeitwa Jackie kwa mujibu wa beji yake, alikuwa akisubiri kompyuta ifunguke. Akaupiga mnyororo kwa kidole, kalamu ikaruka, ikapinduka hewani, ikatumbukia kwenye kishikizo chake, tak! Nikamuuliza unaitwaje mtindo huo. Akasema hauna jina.

Hauna jina! Nimeshamwambia Wakili Wangeci kwamba kesho nitarudi benki, na keshokutwa, mambo ya stempu. Nikitoka, mlinzi wa jengo akaniita kwamba sijajaza kitabu cha wageni. Nikajaza. Sababu ya kuja: kikazi.