Samaki Warudishe Risasi ya Watu

Ndugu Mhariri,

Kabla ya salamu, nina jambo ambalo hata mama sijamwambia. Lile tangazo la sokoni, "Samaki wa bwawa wana risasi kwenye maini", nililiandika mimi. Mtaalamu wa maji, ninayemsaidia kazi za ofisi tangu nimalize shule, alinipa maneno "madini ya risasi, yale ya betri". Ubao ulikuwa mdogo, nikafupisha.

Lakini sipendi kulaumiwa peke yangu. Nawalalamikia samaki.

1. Ni walimbikizaji. Maji yakipita na chembe ya risasi, wao huiweka kwenye ini, figo na matamvua, leo kidogo, kesho kidogo, wala hawasemi.

2. Ni wezi. Msemaji wa kiwanda cha betri kilicho juu ya bwawa amesema maji yao yamepimwa na ni safi. Mtu mzima, tena mwenye tai, hawezi kusema uongo. Basi samaki wameiba.

3. Wamemgeuza shangazi yangu, muuza samaki, kuwa askari. Hupapasa kila ini kwa kidole gumba akitafuta risasi ya bunduki, kisha huwaambia wateja: "Huyu hakupigwa, mama, chukua! Angekuwa nayo kisu kingelia." Maini yanayobaki humpondea mwanawe wa mwaka mmoja, kwa kuwa ni laini. Mtaalamu anasema risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole. Nimejaribu mara nne kumwambia shangazi. Kila mara nimeishia, "Shikamoo."

Kwa hiyo naomba uandike, kwa herufi kubwa, kwamba kiwanda kije na kisu na beseni kichukue mali yake, ini kwa ini. Tumelelewa kutokula cha mtu bila ruhusa. Wenye kiwanda wakiona uvivu, wayale maini wenyewe hapo hapo. Maji si safi?

Nisalimie wapiga chapa, dereva, na wote wanaosahihisha makosa ya wenzao.

Wako mwenye haya,
Msaidizi wa Ofisi

N.B. Tafadhali usichapishe. Shangazi hufungia samaki gazeti lako, na husoma kila ukurasa kabla ya kuukunja. Isitoshe, leo mchana kijiko kilipokaribia mdomo wa mtoto, nilipiga kelele soko zima likageuka: "Shangazi, si ya bunduki! Ni sumu ya kiwandani!" Samaki hawana kosa, nimeshawaomba radhi. Maini yote yako kwenye ndoo, na wauza samaki wanampelekea msemaji getini. Ila shangazi bado anamtukana "mlevi aliyeandika ubao ule", nami naitikia, "Kweli kabisa, shangazi." Iwe siri yetu.