Dagaa wa Kichanja, Dagaa wa Mchangani

Jumatatu, 2 Juni
Salvina kaniwahi. Duka lake la mtandaoni sasa lina kidude: mteja anachagua dagaa waliokaushwa kichanjani au wa mchangani, anabonyeza, basi. Langu lina picha moja na namba ya simu, kama tangazo la msiba. Na wiki ijayo mpishi wa kambi ya mgodi anaagiza dagaa wa kambi nzima, tena kwa mtandao tu. Nikimpata huyo, naacha kulala ufukweni Nkome kungojea mitumbwi ya dagaa na mgongo huu. Aneth wangu, anayesomea uuguzi Kolandoto, kila akipiga simu ananigombeza kuhusu huo mgongo.

Jumanne, 3 Juni
Kwa Marcelino, fundi wa duka langu. Kaniamkia, kanipa kiti. Kasema njia ni mbili. Kuna kiongezo: kinapachikwa pembeni, sura ya duka haiguswi, unakilipia kila mwezi. Au aikate sura yenyewe, akiandike kidude humo ndani. Ila akikata, nisibonyeze Sasisha kamwe, maana sura mpya ikija inafuta kazi yake yote. Nikauliza Salvina ana kipi. Kiongezo. Basi mimi nikatiwe! Mambo ya kupachikapachika siyawezi.

Alhamisi, 5 Juni
Kidude kipo. Nimekibonyeza mpaka kidole kimechoka. Aneth kasema kizuri mama, ila yeye angechukua kiongezo. Shule hizi! Nimepita kwa Salvina makusudi, nikamwambia changu kimejengwa ukutani, hakijapanga. Akasema haya, mama mwenye nyumba. Wateja wake wakacheka.

Jumapili, 8 Juni
Duka la Salvina limebadilika. Picha kubwa, samawati kila mahali. Kasasisha, na kidude chake kiko palepale. Kesho mpishi anaagiza! Nitoke mbele yake na nguo za jana? Nimebonyeza. Mara moja tu. Rangi imetoka nzuri ajabu.

Jumanne, 10 Juni
Kidude hakipo. Oda ya kambi ilikuja jana bila kusema dagaa gani. Ningeuliza, ningeonekana sijui kazi. Nikafungasha wa mchangani, ndio waliokuwa tayari, nikawatuma. Leo mpishi, Bernadina, kapiga simu. Hakupandisha hata sauti.
"Mama Aneth, wachimbaji wangu wanashinda kwenye mchanga. Jioni hawataki kuula."
Oda kampa Salvina.

Alhamisi, 12 Juni
Nimelala Nkome tena. Mgongo umekuwa ubao. Aneth nimemwambia niko nyumbani, nakunywa chai. Salvina kapiga kunipa pole, nikasikia kabisa anavyobana kicheko. Marcelino kasema mayu, mama yangu, tupachike kiongezo, yaishe. Nivae alichovaa Salvina? Nimemwambia akate tena, safari hii akate ndani zaidi, pasipofikika. Kaniuliza, kwa adabu, kama nitaacha kubonyeza. Nikamwambia mimi si mtoto.
Kamaliza jioni hii. Kidude kimerudi, kizuri kuliko kile cha kwanza.
Imekuja sura nyingine, ina maua pembeni. Salvina bado hajaiona.
Nimebonyeza.