Bafu Lenye Mwanga wa Kaskazini

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua kuwa mchoraji. Si uamuzi wa pupa. Nimeufikiria tangu kahawa ya asubuhi.

Sababu ya kwanza ni mama mkwe. Tangu nistaafu kukata tiketi za treni, Hortensia hanipi pumzi. Nyumba ni yake, na hasahau kutukumbusha. Jana kawaambia wageni, mbele yangu, kwamba humu ndani mna mwanamume mmoja tu anayefanya kazi, naye ni mwanawe Osmel, mwoka mikate. Nilikuwa pale pale mezani. Nikalirudisha gimbi sahanini.

Sababu ya pili ni jirani Zayas. Alikuwa mwalimu wa jiografia; sasa amejijengea studio juu ya paa na anachora yangeyange, wale ndege weupe wafuatao ng'ombe. Mwezi huu huu nyumba ya utamaduni itafanya maonyesho. Mada: Mtaa Wetu. Picha moja itachaguliwa itundikwe katika ukumbi mkubwa wa mjini. Zayas ameshaanza kupokea pongezi. Kaniambia, bila kuulizwa, kwamba mchoraji wa kweli hutumia mwanga wa kaskazini, maana haubadiliki kutwa nzima.

Basi nimetafuta kaskazini. Si rahisi hapa Camagüey, ambako vichochoro vimejipinda hata mleta barua hupotea. Nilisimama katikati ya nyumba. Mkono wa kulia ulikuwa na kikombe, kwa hiyo nikaunyoosha wa kushoto kwenye jua linalochomoza. Pua yangu ikaelekea bafuni.

Bafu letu la pekee, choo kikiwa humo humo. Na sisi tuko wanne. Sawa tu. Sanaa haichagui.

Jumanne, 4 Machi

Nimehamia! Nilimsubiri Osmel aende kwenye mkate wake, nikaanza. Pipa la maji nimelihamishia uani. Meza ya kupigia pasi ya Migdalia, mke wangu, nimeisimamisha ndani ya beseni la kuogea, inashika picha vizuri ajabu. Rangi ziko juu ya sinki: buluu iliyobaki tulipopaka geti, nyekundu ya sakafu, na kahawia ambayo sijui ilitoka wapi. Turubai ni magunia ya unga kutoka kazini kwa Osmel. Mimi naketi juu ya kifuniko cha choo. Kimo chake ni kamili, kama fundi aliyekitengeneza alinifikiria mimi.

Migdalia alisimama mlangoni na taulo begani. Akauliza picha itachukua muda gani. Nikamjibu kwamba sanaa haijui saa. Akasema kibofu kinazijua.

Hana elimu ya sanaa. Namsamehe.

Alhamisi, 6 Machi

Manung'uniko nyumbani. Nimetumia busara: nimeandika ratiba kwa mwandiko mzuri nikaibandika mlangoni. Kila mtu zamu tatu kwa siku, kwa kugonga kwanza. Hortensia aliisoma yote, akaibandua kwa uangalifu, akaingia nayo ndani. Ratiba haikurudi.

Picha haiendi. Nilianza na kanisa, likatokea kabati. Nikalifanya kabati. Likatokea ng'ombe. Nahitaji watu. Nimewaomba majirani waje kukaa nichore; kila mmoja ameuliza atakaa wapi, na nikimwambia anakumbuka shughuli.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wanawake. Nimempa Migdalia zawadi: zamu ya kwanza.

Na leo, leo nimepata! Nilifungua mlango ili harufu ya mafuta ya taa ninayochanganyia rangi itoke, na pale koridoni wamesimama watu wa mtaa wetu, bila kuitwa, wamejipanga. Mbele Hortensia, ameukumbatia mwimo wa mlango kama mtu anayeagana na mwana. Nyuma yake Osmel, miguu imepishana kama mkasi, macho juu ya dari. Mwisho Migdalia, taulo limenyongwa mikononi, midomo imebanwa. Nuru usoni mwao! Hisia! Nikawaambia wasitikisike. Walitikisika, lakini kila mara walirudi pale pale.

Nimechora kama mtu aliyepagawa. Osmel alisema, kwa sauti ndogo, "Shemeji, kwa heshima zote, nitakuua." Nikamwomba asiubadilishe uso ule.

Baadaye akaja Zayas kupeleleza. Alijifanya kuomba chumvi. Migdalia akamkaribisha vizuri, akampa kahawa, halafu maji ya limau, halafu maji ya limau tena. Simjui mke wangu kwa ukarimu huo. Haukupita muda Zayas naye akawa kwenye foleni, nyuma ya Migdalia, kofia mkononi. Nimemchora taratibu sana. Kile kidevu kinachotetemeka nilikirudia mara kadhaa. Ndicho bora kuliko vyote.

Jumanne, 11 Machi

Pigo. Leo ilikuwa zamu ya mtaa wetu kupata maji, bomba la bafuni likaachwa wazi, beseni likafurika, na buluu yote ya geti, niliyoishusha sakafuni, ikaenda koridoni. Pia nilikuwa nimesahau rangi ya kahawia juu ya kifuniko cha choo. Hortensia aliikalia gizani umeme ulipokatika, kisha akaenda kwenye foleni ya mkate, na foleni nzima iliona kabla yake. Nimejaribu kumweleza kwamba ilikuwa rangi. Amesema ndivyo alivyowaambia na wao, na hakuna aliyemwamini.

Kikao cha familia jioni. Niliketishwa kwenye kigoda. Uamuzi: hadi Ijumaa niondoke bafuni, la sivyo nilale uani na pipa.

Kana kwamba hayo hayatoshi, Zayas amekuja na dira yake ya shuleni. Ameizungusha bafuni mbele ya wote, akatangaza kwamba dirisha langu linaangalia kusini. Nikamweleza kwamba kaskazini na kusini ni mstari mmoja. Akaitia dira mfukoni. Hoja imemshinda.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefunga komeo kwa ndani. Nina mkate, jibini na jemu ya mapera. Sitoki mpaka nimalize.

Walibisha. Walisihi. Kisha wakaondoka. Nilidhani wameshindwa, kumbe wamehamia kwa Zayas, wote watatu, na bafu lake liko juu, ndani ya studio yake. Alasiri mtu aligonga dirisha. Alikuwa Zayas mwenyewe, amepanda juu ya pipa langu, nywele zimesimama.

"Jirani, nakuomba," alisema. "Mama mkwe wako anasoma gazeti mle ndani. Gazeti zima. Nikimaliza unyoya mmoja, shemeji yako anapita na sabuni. Yangeyange wangu hawana miguu na maonyesho yamekaribia."

Nikamwambia nitalifikiria ombi lake. Nikapaka kidevu chake rangi ya mwisho. Magharibi ilipoingia nikafungua mlango, nikatoka nimeibeba picha kichwani. Familia ilikuwa imesharudi koridoni, lakini hakuna aliyenipigia makofi. Wote walinipita mbio.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kabla sijavua viatu.

Picha nimeiita "Wanaongoja". Waliitundika pembeni, karibu na feni mbovu. Ya Zayas iko katikati: yangeyange watano wanaoelea juu ya majani, bila miguu. Mwamuzi ni bibi mmoja kutoka Havana, mwembamba, miwani ikining'inia kifuani. Kwa yangeyange hakukaa. Kwa ng'ombe wa mtu mwingine hakukaa. Akafika kwangu, akavaa miwani. Akasimama. Akasimama sana.

Akauliza kwa upole watu hawa wanangoja nini. Nikatafuta jibu la kisanaa. Lakini nilichelewa, maana Hortensia alikuwa nyuma yangu, amevaa gauni lake la kanisani, na kwa mambo ya kweli mwanamke huyu hana breki.

"Tulikuwa tunamngoja yeye," akasema Hortensia, akininyooshea kidole. "Amalize."

Bibi wa Havana akavua miwani, akaifuta. Akasema kwamba kwa miaka mingi hajaona nyuso zenye tamaa ya kweli namna hii, watu wanaotaka jambo moja tu kwa mwili wote, na bado wanaheshimu foleni. Hapo hapo akawaambia wasimamizi wa nyumba ya utamaduni waichukue. Itatundikwa katika ukumbi mkubwa wa mjini, mbele kabisa, chini ya taa.

Ushindi! Osmel alinibeba. Anasema bado ataniua, lakini si wiki hii. Zayas alinishika mkono, kidevu kikitetemeka vile vile, na kuniuliza kama naweza kuandika jina lake chini ya picha. Migdalia alilia kidogo, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Wakati wa kurudi, mwanamke mmoja wa foleni ya mkate akamsimamisha Hortensia, akasema amemwona pichani na hakujua kwamba amepitia mateso makubwa hivyo. Mama mkwe akainua kichwa. "Mkwe wangu ndiye aliyenichora," akasema. "Ni mtu wa kazi." Nilikuwa hatua chache nyuma yao. Sikutaka kuwafikia. Nilitaka aseme tena.

Jumapili, 30 Machi

Mambo ni mazuri mno. Hortensia ameshakwenda mara mbili kujitazama. Na familia imenizawadia sebule nzima iwe studio yangu! Kiti wamekipeleka wenyewe, dirisha wameliosha wenyewe, hata Osmel aliimba akibeba meza ya pasi. Sijaona watu wanaopenda sanaa kiasi hicho.

Lakini sebuleni hakuna anayekuja. Nimechora mapera. Mapera hayana hamu ya kitu chochote. Nimewaita watu wa nyumbani wakae nichore. Wanakaa, wamestarehe, wanatabasamu kama picha za kitambulisho. Nimetafakari chanzo chake na nimekipata: nimeshauzidi uchoraji. Nimefika mwisho wake. Sasa ni ufinyanzi. Udongo wetu wa Camagüey ni mzuri, na ufinyanzi unataka maji, meza pana na oveni. Vyote viko jikoni. Asubuhi nimepima. Nikizitoa sufuria na meza ya kulia, pananitosha kabisa. Nimelidokeza jambo hili wakati wa chakula, kwa mbali tu.

Jioni nimekuta Migdalia ameshaweka kufuli kubwa kwenye mlango wa jikoni. Nimeguswa moyo. Ni yeye wa kwanza kuelewa kwamba studio inahitaji ulinzi. Kesho nitamwomba ufunguo.