Minong'ono ya Jikoni

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu ananong'ona tena na simu jikoni. Mlango kaufunga. Nimeambulia maneno matatu: "kumhamisha", "kitanda", "Jumamosi". Basi. Wananipeleka nyumba ya wazee. Daktari keshasema moyo wangu umechoka. Sitaki ukamalizikie ugenini.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa ya minong'ono. Mjukuu wangu ana rafiki wa darasani, tunamwita Miwani. Nimempa biskuti zangu, nikamtuma achunguze. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliendesha shule hivyo hivyo: kila darasa nina sikio langu. Sikuwahi kushindwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshindwa. Miwani alikwenda moja kwa moja kwa mjukuu wangu, akamweleza yote, wakala biskuti pamoja. Kisha wakaja kunikalia kitandani wakicheka. Nikamuuliza Miwani kwa nini kanichoma. Akashangaa. Shuleni kwao mwenye wasiwasi humuuliza mhusika, na mwalimu hakasiriki. Shule gani hiyo? Mjukuu akasema, "Si ungeuliza tu, babu."

Alhamisi, 6 Machi
Nimeuliza. Kumbe wananihamishia sebuleni, penye dirisha, maana nililalamikia giza la chumbani. Seremala analeta kitanda Jumamosi. Nikashusha pumzi mpaka kifua kikauma.
Sasa minong'ono ya nini? Binti akasema hajui kuongea vingine. Alisoma shuleni kwangu. Akiwa na miaka kumi na minne alimwambia shoga yake siri kwenye foleni ya bombani; kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nayo ofisini. Tangu hapo hufunga mlango kwanza.
Nikakiri. Shoga yake ndiye aliyeileta, na mimi ndiye niliyemtuma. Sikutaka kufa nalo. Akasema, "Nilijua, baba. Nilikuwa nakungoja tu." Akaniwekea mto vizuri, akatoka. Mlango akauacha wazi.

Jumamosi, 8 Machi
Sebuleni. Jua mpaka miguuni. Nimelala kama mtoto aliyeshiba.

Jumapili, 9 Machi
Binti kashinda akiongea na simu, milango wazi, sauti mpaka barabarani. Anacheka kabisa. Nimesikia kila neno na hakuna hata moja linalonihusu.
Hapo ndipo aliponishtua. Mtu asiye na la kuficha hapazi sauti namna ile.
Miwani anakuja kesho. Nimemwekea biskuti. Safari hii za chokoleti.