Hotuba ya Kuzindua Ukumbi wa Vyuma Nyuma ya Jiko Letu

Mwanangu Nyundo, unayeipokea barua hii huko kwenye karakana ya mabehewa;

Mheshimiwa Babu yako, Mlezi wa Nyumba na Mdhibiti Mkuu wa Redio, ambaye hajambo isipokuwa sikio la kushoto, na la kulia nalo linasikia linachotaka; Mheshimiwa Shangazi yako, Mshauri Mwelekezi wa mambo yote yasiyomhusu, hajambo, goti limepungua kuvimba, anauliza kama unakula; Mheshimiwa Kinyozi jirani yetu, Mwenyekiti wa Mashabiki wa Bendi ya Vyuma wa mtaa huu na mitaa miwili inayopakana nao, hajambo, ametundika kioo kipya; Mheshimiwa Dada yako, Fundi Cherehani na Katibu Mwenezi wa mashabiki hao hao, hajambo, amekonda kidogo, lakini ukimuuliza anasema ni gauni lililokuwa kubwa; Mheshimiwa Paka, anayelala ndani ya kofia yako ya kuchomelea na ambaye juhudi zote za kumhamisha kwa njia ya mazungumzo zimegonga mwamba; wageni waalikwa, mabibi na mabwana; itifaki imezingatiwa, na kama nimemsahau mtu aseme sasa, asije akaninunia jikoni. (Makofi.)

Awali ya yote nakuomba uisome hotuba hii mpaka mwisho, usirukeruke kama unavyorukaruka nyimbo za polepole.

Nasimama mbele ya hadhara hii nikiwa na furaha isiyo kifani, mimi Mwenyekiti wenu, mama yenu, mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne katika ukumbi wa mikutano wa halmashauri, upande wa ufagio na chai, ambako nimesikiliza hotuba nyingi kuliko diwani yeyote, kwa sababu wao hutoka nje kupokea simu na mimi siwezi kutoka mpaka wamalize niokote vikombe. Kwa hiyo msishangae nikisema mchakato, nikasema wadau, nikasema upembuzi yakinifu, neno ambalo nimelisikia mara elfu na bado naogopa kulitumia bila mtu wa kunishika mkono. (Kicheko. Babu anauliza ni nani aliyefariki.)

Ndugu wananchi wa nyumba hii, leo nazindua rasmi Mradi Mkubwa wa Ukumbi wa Vyuma, unaojengwa katika karakana ya marehemu baba yenu, fundi bati, hapo nyuma ya jiko, kwa lengo kuu, mahususi na mtambuka la kuwawezesha wadau wote wa ile bendi yenu ya metali ya viwandani, ile ya gitaa zinazokoroma na mapipa yanayochapwa kama yamemkosea mtu adabu, kuitazama ziara yake ya kutimiza miaka ishirini na mitano, itakayoonyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa kumi jioni. Utekelezaji umefikia asilimia themanini na saba. Viti mia mbili vimekwisha kupangwa kwa safu. Spika ni nne, kila pembe moja, za kiwango cha kimataifa. Skrini ni ya ukuta mzima. Kipo choo cha wageni mashuhuri na kipo choo cha wageni wa kawaida, na mafundi wangali wanajadiliana Babu awekwe kundi gani. (Makofi ya muda mrefu, vigelegele.)

Ofisi yangu inatambua kwamba yapo mabishano makali kuhusu orodha ya nyimbo zitakazopigwa, ingawa bendi imekwisha kuitangaza, na wala haijalala. Juzi nilifanya ziara ya kikazi kwenye kibanda cha Kinyozi, yaani nilimpelekea shati lake lililotiwa vifungo, nikamkuta dada yako yuko pale na utepe wake wa kupimia shingoni, na mteja mmoja kwenye kiti amenyolewa upande wa kulia tu.

Kinyozi alikuwa ananyoosha mashine hewani. "Miaka ishirini na mitano ni ya albamu ya kwanza. Basi wapige albamu ya kwanza, wimbo wa kwanza mpaka wa kumi na moja, kwa mpangilio wake, wakimaliza wainame waende zao."

"Kwa hiyo na wa saba wapige?" akasema dada yako. "Ule wa dakika sita za jenereta?"

"Jenereta ile ina hisia."

"Ina dizeli, mzee. Watu wanatoka mbali, wamesimama mguu mmoja, unawapigia jenereta. Wachanganye. Mbili za zamani, moja mpya, mbili za zamani, moja mpya."

"Hiyo ni orodha ya harusi."

"Afadhali harusi, watu hucheza."

Mteja akasema, "Jamani, na mimi nina hisia. Nimalizieni kichwa."

Kwa takwimu rasmi za mchana huo, utekelezaji wa kichwa ulikuwa asilimia hamsini, na ulibaki hapo kwa dakika ishirini. (Kicheko kikubwa. Shangazi anafuta machozi kwa ncha ya kanga.) Nami nilisimama mlangoni na shati la watu mkononi, nikawa nacheka moyoni, maana dada yako alikuwa ananawiri kama zamani. Kisha Kinyozi, bila nia mbaya, akamuuliza, "Na kaka yako anasemaje kuhusu hii orodha?"

Dada yako akautoa utepe shingoni akaanza kuuzungusha kwenye kiganja, polepole, mpaka ukaisha. Akasema, "Sijui. Muulize mwenyewe." Akatoka akanipita mlangoni bila kuniona.

Ndugu wananchi, hapo ndipo Mwenyekiti alipolazimika kuchukua hatua za haraka, za dharura na zilizochelewa miezi minne.

Kwa wale wasio na kumbukumbu, bendi iliwaomba mashabiki wapige kura ya wimbo wa kufungia onyesho. Kila nyumba yenye kadi ya uanachama ilipewa kura moja. Nyumba hii ina kadi moja, na kadi hiyo imo ndani ya simu yangu, kwa kuwa ndiyo pekee hapa isiyoanguka kila wiki. Wewe, Nyundo, ulitaka Kengele ya Zamu. Dada yako alitaka Mvua ya Kutu, ule wa polepole. Mlibishana siku saba kuanzia chai ya asubuhi, mchakato shirikishi kabisa, mpaka Babu akawa anazima redio awasikilize ninyi. Siku ya saba dada yako akaweka mkasi chini akasema, "Haya kaka, iwe Kengele. Najua kwa nini unaitaka."

Wote tulijua. Wimbo ule unaishia kwa nyundo, mapigo matatu ya polepole na mawili ya haraka, na baba yenu alifunga karakana yake hivyo hivyo kila jioni, matatu na mawili, juu ya fuawe, lile pande la chuma alilofulia bati. Mimi nikisikia nilikuwa naweka maji yake ya kuoga jikoni. Miaka yote ile hatukuwahi kuambizana neno juu ya jambo hilo.

Basi ukaiacha simu mezani, ukasema utapiga kura ukitoka bafuni. Ulipotoka, simu ilikuwa imekwisha kuandika kwamba kura ya nyumba hii imepokelewa, na wimbo ni Mvua ya Kutu.

"Umenigeuka," ukamwambia dada yako.

"Sijaigusa hiyo simu."

"Basi imejigusa."

"Kaka, ningetaka Kutu ningekuambia Kutu usoni. Siku saba nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unanichosha. Ukubali mdomoni, uibe kwa kidole. Hata cha baba umekiiba."

Hilo la mwisho, mwanangu, lilimwingia. Alirudi kwenye cherehani akashona mkono wa shati la mtu kwenye shingo. Kesho yake asubuhi ukabeba begi ukaondoka bila kuaga, na orodha ilipotangazwa Kengele haikuwamo kabisa, si mwanzoni wala mwishoni. Ilishindwa kwa kura mia tatu na kumi na mbili, kwa hiyo hata kura yetu isingeiokoa, lakini najua hukuondoka kwa sababu ya hesabu.

Kutokana na hali hiyo, na kwa mamlaka niliyopewa na mimi mwenyewe, niliunda Tume Huru ya Uchunguzi. Mwenyekiti wa Tume, mimi. Wajumbe, mimi. Shahidi, paka, aliyekuwa juu ya meza. Tume imekaa vikao mia na ishirini, vingi vyake mbele ya sinki la vyombo, na leo inawasilisha ripoti yake, ambayo haitafungiwa kabatini kama ripoti nyingine ninazozifuta vumbi kila Ijumaa. Tume imebaini, pasi na shaka yoyote, kwamba kidole kilichobonyeza ni cha Mwenyekiti.

(Minong'ono.)

Nilitaka kuwasaidia. Simu iliandika kwamba zimebaki dakika tano kura zifungwe, na wewe ukiingia bafuni unaimba albamu nzima. Nilikugongea mlango, hukusikia. Kwenye simu palikuwa na picha mbili, moja ya kengele, moja ya bati lililokunjamana lenye kutu. Majina ya nyimbo zenu wakati ule sikuwa nimeyashika, mnajua kusoma kwangu herufi ndogo za simu ni kwa kupapasa. Kwangu mimi ule wimbo siku zote umekuwa wimbo wa baba yenu tu. Nikamtafuta baba yenu katika zile picha. Nikaona bati, nikabonyeza bati.

(Hapa sikuweka makofi.)

Mlipokuwa mnarushiana maneno nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, nikasikia kila kitu, nikaendelea kukoroga. Nilijiambia mtapatana kabla chakula hakijaiva. Kisha nikajiambia mtapatana Jumapili. Neno la kweli likicheleweshwa hufanya mabonge kama unga uliomwagwa wote kwa mara moja, na mimi nikawa naogopa hata kuinua mfuniko. Dada yako ananiletea chai asubuhi, mkono wake safi, na mimi naipokea. Viongozi wa pale ukumbini likiwafika jambo kama hili husema changamoto imepokelewa na inafanyiwa kazi. Mimi nasema nilikosa. Hakuiba. Wewe ulimwita mwizi, lakini aliyekuponza ni mimi, na hilo deni la maneno nusu yake ni langu.

Sasa nawaomba tusimame kwa ajili ya kaulimbiu za mradi. Nikisema Vyuma, mjibu Vilie. Nikisema Kinyozi, mjibu Amalize kichwa. Nikisema Kaka na dada, mjibu mnavyojua, sitawalazimisha. (Hadhara inasimama. Babu alikuwa amesimama tangu mwanzo, anatafuta miwani.)

Kwa namna ya pekee namshukuru mkandarasi, ambaye hayupo, kwa kuwa hakuna mkandarasi. Navishukuru viti mia mbili, ambavyo ni vya halmashauri na viko hapa mbele yangu, vitupu, maana mkutano wa leo umekwisha adhuhuri, nimemaliza kufagia, ufagio nimeuegemeza kwenye meza kuu, nami nimesimama pale wanaposimama wao, naandika nyuma ya karatasi za ajenda. Hadhara yote ni mimi. Makofi niliyaweka mwenyewe, na kicheko cha shangazi yako nimekikopa kutoka siku nyingine. Asilimia themanini na saba ni ya afisa mmoja wa mradi wa maji, huitaja kila mwaka na haijawahi kupanda wala kushuka. Ukumbi wa Vyuma haupo, mwanangu. Ipo karakana kama ulivyoiacha, stuli mbili, spika moja inayolia upande mmoja na paa lenye tundu. Niliandika hotuba kwa sababu barua ya kawaida nilianza mara sita na kila mara nikaishia kwenye salamu.

Dada yako bado hajajua. Nikitoka hapa naitia hii posta kwanza, nisije nikaghairi, kisha nakwenda nyumbani kumwambia kwa mdomo wangu. Sijui atasema nini. Ila nikueleze jambo moja. Jumatatu jioni nilikuwa nasugua sufuria, nikasikia kutoka karakana mapigo matatu ya polepole, halafu mawili ya haraka. Nikainua kichwa, nikajua baba yenu hayupo na wewe uko mbali. Dada yako akatoka mle ndani anajifuta kutu mikononi, akadhani sikusikia, akakaa kwenye cherehani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuweka maji jikoni bila kujua, yakachemka, na hakuna aliyeoga.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi. Orodha wamekwisha kuipanga wenye bendi, na Kengele haimo, lakini wakimaliza wao wimbo wao wa kutu, fuawe iko pale pale na nyundo nimeipaka mafuta.

Nijibu upesi, baba, hata kwa neno moja, hata kwa simu ya mwenzako kazini. Nataka kujua niweke maji ya mtu mmoja au ya wawili.