Bonyeza Nne kwa Tshiluba

Jumanne, 10 Septemba
Namba yangu imefungwa! Miaka tisa ninayo, leo simu iko kimya. Na wiki hii ndiyo Papa Ezéchiel, mjomba wa Colombe, atanipigia kutoka Nyantende kusema kama familia inakubali nimuoe. Kwetu mchumba haendi kudai jibu, anangoja. Kubadilisha namba siwezi: nilimwapia mzee sitabadilisha kamwe, maana kwake wabadilisha-namba wote ni matapeli.

Jirani yangu, Maman Ghislaine, ameniazima simu yake. Huduma kwa wateja: muziki dakika arobaini. Kisha ikakatika.

Jumatano, 11 Septemba
Nimebonyeza tatu, Kiswahili. Foleni! Kivu nzima imebonyeza tatu. Baada ya saa nzima, binti mmoja akauliza puce, yaani laini yangu, imeandikishwa kwa jina la nani. Nikasema Zagabe. Akasema hapana. Kumbe yule muuzaji wa barabarani aliyeniuzia aliiandikisha kwa jina la mtu wake, kama wanavyofanya wote! Nikaanza kukisia. Élie? Théodore? Héritier? Jina la sita, akanitakia siku njema.

Ijumaa, 13 Septemba
Nina akili, jamani. Nani hapa Bagira anabonyeza nne, Tshiluba? Hakuna! Hata muziki haukuanza, baba mmoja akapokea hapo hapo. Nikasalimia kama Waluba: moyo! Akafurahi, akamwaga Tshiluba dakika tatu. Neno langu lilikuwa hilo moja tu. Nikalirudia. Akanirudisha kwenye foleni ya Kiswahili.

Jumamosi, 14 Septemba
Nimempata muuzaji. Anasema puce zote za mwaka ule aliandikisha kwa jina la shangazi yake, Mwanvita. Basi kesho mimi ni Mwanvita. Nimefanya mazoezi ya sauti chooni. Watoto wa jirani wamecheka sana.

Jumapili, 15 Septemba
Maman Ghislaine kaenda kanisani, simu kaniachia. Saa nne hadi saa kumi kwenye foleni. Nikapokelewa! Nikasema kwa sauti nyembamba, mimi Mwanvita. Wakauliza tarehe ya kuzaliwa. Nikakohoa. Wakakata.

Ndipo nikaona ujumbe wa simu zilizokosa kuingia: Papa Ezéchiel, mara kumi na moja! Colombe alikuwa amempa namba hii ya jirani. Siku nzima mzee anaambiwa niko kwenye simu. Nimeketi chini. Colombe nampenda, na naogopa kumpoteza.

Jumatatu, 16 Septemba
Colombe amekuja. Hakugomba, na hiyo ndiyo mbaya. Mjomba ameuliza ni mwanamke gani huyo ninayeongea naye masaa sita. Colombe amembembeleza mpaka mzee akakubali kupiga mara moja tu: Alhamisi, saa nne kamili, kwa simu ya Maman Ghislaine.

“Zagabe, ile siku usiguse simu,” akaniambia. “Ukae tu, ungoje ilie. Mimi sitamuomba tena.”

Nimeapa. Na machozi yalitoka.

Alhamisi, 19 Septemba
Saa tatu na nusu. Simu iko mezani, chaji imejaa, nimevaa shati ya Jumapili. Lakini nusu saa nzima! Mtu anakaaje nusu saa akitazama simu?

Kikongo sijajaribu. Huko ndiko hakuna mtu kabisa. Dakika mbili tu. Nimebonyeza tano.

Saa nne kasoro dakika tano. Wanasema niko wa kwanza kwenye foleni. Wa kwanza! Nikate sasa, kweli?

Saa nne na dakika kumi. Bado ni wa kwanza.