Kinoo cha Wembe wa Babu

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Fwii, fwii, kimya, fwii. Sauti hiyo haijawahi kunitoka. Babu akinoa wembe wake wa kukunja asubuhi, mimi bado kitandani, mtoto wa nasari. Tulimzika juzi. Wembe umebaki, umeshika kutu kama msumari wa paa kuukuu. Kinoo chake hakionekani.

Kunyoana kwa kumaliza matanga kumewekwa Jumamosi. Kukhu, nyanya yangu, ametangaza mbele ya ukoo wote kwamba kichwa chake hakiguswi na wembe wa dukani. Atanyolewa kwa wembe wa mumewe, na atakayemnyoa ni mke mwenzake Kageha. Yaani mimi! Kila kukhu huwaita wajukuu wake wa kike wake wenza, najua. Lakini aliponitaja mimi, nilisimama ili wote wanione.

Binamu yangu Emily, msusi mjini, ameuliza kama siku hizi chuo kikuu kinafundisha ukinyozi. Baba mkubwa Hezekiah ameweka sharti: Ijumaa jioni wembe unyoe nywele za mkono, la sivyo kazi ni ya Emily. Sharti la nini? Nimesoma jiografia. Mawe nayajua.

Jumanne, 6 Agosti
Nadharia: kinoo huchaguliwa kwa sikio. Nikiipata sauti, nimelipata jiwe. Nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi nikikwaruza kila kinoo kwa kijiko cha chai. Muuzaji mmoja ameniuliza kama nanunua ama natafuta wimbo. Vyote vinasema krrr. Vya kunolea panga za miwa! Sikununua hata kimoja. Nina msimamo.

Jumatano, 7 Agosti
Ilesi, kwenye Jiwe Linalolia, mwamba ule unaotiririka maji kama machozi. Hoja yangu: jiwe lililolia miaka yote hiyo haliwezi kukosa sauti nzuri. Lenyewe sikuligusa, lina wenyewe. Niliokota kipande chini. Wesley, mwalimu jirani anayesema ananipenda, amenibebea mpaka nyumbani. Njiani akauliza kama nitanoa wembe ama nitasaga wimbi. Nikacheka kwa dharau.

Nimenoa, na sasa makali yana mapengo kama kinywa cha mzee. Nimemweleza Wesley kwamba jiwe limekataa kwa sababu yeye alikuwa akiongea.

Alhamisi, 8 Agosti
Wesley hajui alichosema. Wimbi! Jiwe la kukhu la kusagia limelainishwa na mikono ya wake wa ukoo huu, kizazi baada ya kizazi. Nimeamka kabla ya wapishi. Maji kidogo, wembe, na... fwii! Ile ile! Nimelia peke yangu jikoni. Kutu yote imetoka. Nikalipangusa jiwe kwa leso yangu haraka haraka, maana nilisikia hatua.

Saa nne waombolezaji wakapewa uji wa wimbi. Mwekundu. Unakwaruza meno. Mzee Lusweti, aliyetoka Matete, akausifu na kuuliza mbegu hiyo inapatikana wapi. Kisha mchungaji akatoa kitu kinachong'aa ulimini. Shangazi Rosebella, mkuu wa jikoni, akapiga kelele kwamba kuna mtu kwenye boma hili ambaye kaburi moja halijamtosha. Kukhu akanitazama, akamaliza kikombe chake polepole, akaomba kingine.

Ijumaa, 9 Agosti
Jaribio. Wesley amejitolea mkono. Nywele zimebaki, ngozi imeondoka. Emily amecheka hadi akakaa chini. Ati dada, huyu umeshamchanja, sasa tumtafutie dawa ya kutia. Wesley anasema haiumi. Anadanganya, midomo ilikuwa imemkauka. Hezekiah amesema basi, imetosha. Nimepita nyuma ya nyumba ili nisikutane na kukhu.

Jumamosi, 10 Agosti
Emily ndiye aliyenyoa. Wembe mpya wa dukani, mkono mwepesi, lazima nikiri. Nilisimama kando ya jikoni nikitazama nywele nyeupe zikianguka juu ya majani ya mgomba. Alipofika kisogoni, kukhu akamshika mkono. Hapo paache. Hezekiah akasema, mama, mila. Kukhu akamjibu kwamba mila alizijua kabla ya kumzaa yeye. Shungi hilo ni la mke mwenzake, atalinyoa wembe ukiwa tayari. Akajifunga kitambaa. Aliponipita akaninong'onezea nifanye hima, kisogo kinamwasha.

Jumapili, 11 Agosti
Nimewaza ibada nzima. Kosa halikuwa langu. Jiwe la kusagia lina vitundu, na vitundu ndivyo vinavyoharibu makali. Nahitaji jiwe lisilo na kitundu hata kimoja.

Jana jioni limeletwa jiwe la kaburi la babu kutoka Kisumu. Marumaru, laini kama kioo! Limeegemezwa ukutani kwa Hezekiah, linamngoja fundi. Nyuma linaparuza. Upande laini ni ule wenye maandishi ya rangi. Wenzangu walipobaki kanisani wakisalimiana, nilitangulia nyumbani na wembe, na uamuzi nilikuwa nimeshaufanya. Jina sijaligusa. Nimeanzia chini, kwenye tarehe ya kuzaliwa, ambayo ilikuwa ya kukisia tu, na sasa haipo. Wembe bado haunyoi. Nimehamia kwenye tarehe ya kufariki. Hiyo sote tunaikumbuka.